Ofisa wa ubalozi akigeuka profesa wa siasa za China: tumwamini zaidi, au tumtilie shaka zaidi?

#1 Mwana wa Kurasini (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Kwa muda sasa namfuatilia Profesa Kerry Brown, Mwingereza anayeongoza Taasisi ya China ya Lau pale King's College London. Huyu bwana kabla ya uprofesa alikuwa mtumishi wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, 1998 hadi 2005, na ndani ya kipindi hicho alikuwa Katibu wa Kwanza ubalozini Beijing. Baadaye akaongoza programu ya Asia pale Chatham House, taasisi ya utafiti wa mambo ya kimataifa London. 2012 akaenda Chuo Kikuu cha Sydney kama profesa wa siasa za China na mkurugenzi wa kituo chao cha masomo ya China, 2015 akarudi London. Vitabu vyake vimepita 20, kuanzia chaguzi za vijijini China hadi Xi Jinping mwenyewe, na mahusiano ya Uingereza na China kwa karne nne.

Hoja yangu ni hii: mtu wa aina yake anaielewa China kuliko msomi aliyezeekea maktaba. Siasa za kule hazina bunge la kurushiana maneno wala gazeti la kuvujisha siri. Aliyewahi kukaa meza moja na maofisa wao, akaona nani anaongea na nani ananyamaza, ana kitu ambacho mwingine hana. Nani anabisha? Na la pili: kwa nini sisi, wenye historia ndefu kiasi hiki na Beijing, hatuna wa kwetu?

#2 Shomari Mpole
Nimetandika mkeka, nasubiri wajuzi.

#3 Kabwela Msomi
Mimi nabisha. Meza gani hiyo, mkuu? Katibu wa Kwanza hakutani na wakubwa. Anakutana na ofisa wa dawati wa wizara yao, ambaye amekuja na karatasi, anaisoma, anamaliza chai, anaondoka. Uamuzi mzito wa China unafanywa na Kamati ya Kudumu ya Politburo, kile kilele cha Chama cha Kikomunisti, watu saba tangu 2012 walipopunguzwa kutoka tisa. Hakuna ofisa wa ubalozi yeyote, awe Mwingereza, Mrusi au Mtanzania, aliyewahi kuketi mle ndani. Kwa hiyo hicho unachokiita meza ni sebule ya wageni.

Na wanadiplomasia pale Beijing ndio wageni wanaolindwa kuliko wote. Wanakaa upande wa Chaoyang, wanakula pamoja, wanasimuliana uvumi uleule, kisha kila mmoja anautuma kwao kama taarifa. Ukipata taarifa ileile kutoka balozi tano unaona imethibitishwa, kumbe chanzo ni kimoja.

#4 Mama Wawili
Wote wawili mmeruka jambo kubwa. Brown hakuanzia ubalozini. 1994 hadi 1996 aliishi Mongolia ya Ndani, akifundisha Hohhot, makao makuu ya jimbo hilo la China, kabla hata wizara haijamjua. Nimesoma China miaka mingi, Wuhan, na nawaambia Hohhot ya wakati ule haikuwa mahali pa kwenda kutafuta cheo. Ni baridi, ni vumbi, na wageni ni wachache mno.

Halafu tasnifu yake ya uzamivu, Chuo Kikuu cha Leeds, ilihusu hukohuko: jinsi watu walivyosakwa kwa tuhuma za kuwa wafuasi wa Chama cha Wananchi wa Mongolia ya Ndani, 1967 hadi 1969, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, ile kampeni ya Mao. Kiongozi wa jimbo, Ulanhu, Mmongolia mwenyewe, alikuwa ameshaangushwa. Kilichofuata ni msako ambao hata mashtaka ya serikali dhidi ya Genge la Watu Wanne (vigogo wa Mapinduzi yale, akiwemo mke wa Mao), yale ya 1980, yalikiri kuwa watu zaidi ya 346,000 walibambikiwa kesi na kuteswa, na 16,222 wakafa. Hizo ni hesabu za serikali yenyewe. Wako wanaosema ni zaidi.

Mtu aliyeanza kuisoma China kwa kuchambua jinsi tangazo la chama linavyoweza kumgeuza jirani kuwa adui ndani ya wiki moja, huyo ana msingi. Ubalozi ulikuja juu ya msingi huo. Ondoa ubalozi, Brown anabaki. Ondoa Hohhot, sijui kama anabaki.

#5 Mzee wa Upanga
Salaam kwenu vijana. Nimeitumikia serikali katika eneo hili hili mnalolijadili, kwa hiyo niseme ninachokijua.

Ukiwa ofisa mdogo ubalozini kazi yako kubwa ni kuandika. Mkutano umeisha saa kumi jioni, taarifa inatakiwa nyumbani usiku uleule. Ukurasa mmoja, mara chache miwili. Aya ya kwanza inasema kilichotokea. Ya pili nani alisema nini, na kwa mpangilio gani, maana mpangilio una maana. Ya tatu ndiyo inayokupandisha au kukushusha cheo: hili linatuhusu vipi sisi, na tufanye nini. Mkuu wako anachukua kalamu nyekundu anafuta kila neno lisilo na kazi. "Inawezekana" inafutwa, anakuuliza: inawezekana kwa kiasi gani? "Wachunguzi wanasema" inafutwa, anakuuliza: wachunguzi gani, wewe umemwona nani?

Mtu akipitia hayo miaka saba, akienda chuo kikuu anaandika kwa kasi ambayo wasomi wenzake hawaiwezi, na anaandika kwa ajili ya msomaji asiye na muda. Vitabu zaidi ya 20 mnavyovishangaa, mimi sivishangai. Ni mkono uliozoeshwa.

Lakini kazi ile inafundisha pia kutomwudhi mwenyeji wako. Unajifunza kusema jambo kali kwa sauti laini, na baada ya muda unaweza kusahau kwamba lilikuwa kali. Hilo nalo huenda na mtu hadi chuoni.

#6 Kijana wa Buguruni
@Mzee wa Upanga shikamoo. Swali la kichokozi: si kweli kwamba ile aya ya tatu mnaandika kile ambacho bosi kule nyumbani anataka kukisikia?

#7 Mzee wa Upanga
Marahaba. Wapo waliofanya hivyo. Walipanda haraka.

#8 Shomari Mpole
Mzee kamaliza 😂 Kijana rudi Buguruni.

#9 Njoro wa Eldoret
Jamani, mbona mnakwenda London wakati kuna mtu aliyepita kwetu? David Shinn, Mmarekani. Alikuwa balozi Tanzania, akastaafu, sasa ni bingwa wa mambo ya China na Afrika pale Chuo Kikuu cha George Washington. Vitabu vyake viwili alivyoandika na Joshua Eisenman, cha 2012 na cha 2023, mimi naona ndivyo vinavyopaswa kusomwa na kila mtu anayejadili mikopo ya China barani. Brown anaandika kuhusu China. Shinn anaandika kuhusu China na sisi.

#10 BintiPemba
@Njoro wa Eldoret nakuunga mkono kwenye vitabu, ila rekodi iwe sawa. Shinn alifanya kazi ubalozini Dar es Salaam na Nairobi pia, lakini kwa nafasi za chini. Ubalozi wenyewe aliushika Burkina Faso, 1987 hadi 1990, na Ethiopia, 1996 hadi 1999. Utumishi wake kwa jumla ni miaka 37.

Na ni mfano tofauti na Brown kwa jambo moja. Brown aliondoka wizarani mapema akiwa bado kijana, akajenga maisha ya pili kwenye utafiti na chuoni. Shinn alimaliza utumishi kwanza, ndipo akaanza kufundisha. Mmoja alichagua, mwingine alistaafu. Hata namna wanavyoandika inaonyesha: Shinn ana utaratibu wa mtu wa kumbukumbu, nchi baada ya nchi, ziara baada ya ziara, nani alitembelea wapi. Sura za mahusiano ya chama kwa chama, mafunzo ya makada, vyombo vya habari na ulinzi ndizo zenye nyama. Huwezi kuelewa shule ya uongozi ya Mwalimu Nyerere iliyofunguliwa Kibaha 2022 kama hujui jinsi idara ya kimataifa ya Chama cha Kikomunisti inavyofanya kazi, na waandishi wachache wameieleza kwa uvumilivu ule.

#11 Mpemba wa Guangzhou
Wakuu nawasoma tangu mwanzo. Mimi mfanyabiashara, nimekaa Xiaobei, Guangzhou, na Yiwu. Nitasema jambo litakalowakera wasomi.

China ya maofisa wa ubalozi ni mikutano na karamu. Sisi tumeijua China ya kituo cha polisi, ukihamia nyumba unatakiwa kujiandikisha ndani ya saa 24. Tumeijua China ya mwenye ghala anayekupenda mpaka siku serikali ya mtaa ibadilishe upepo. Aprili 2020, wakati wa corona, Waafrika Guangzhou walitolewa majumbani na mahotelini, watu wakalala nje na mizigo yao. Mwenye nyumba wangu, mama mmoja aliyekuwa ananiletea maandazi ya mvuke kila sikukuu, alisimama mlangoni ananiambia toka huku hanitazami usoni. Hakuwa na chuki. Alikuwa amepigiwa simu na kamati ya mtaa.

Hiyo simu ndiyo siasa ya China. Nani aliipiga, aliambiwa na nani, na kwa nini ilifika mtaa ule na haikufika mtaa wa pili? Nionyesheni profesa aliyetoka ubalozini anayeweza kunieleza hiyo.

#12 Mama Wawili
@Mpemba wa Guangzhou pole sana kaka. Wuhan tuliyaona mengine, siku nyingine nitasimulia.

#13 Kabwela Msomi
@Mpemba wa Guangzhou heshima kwako, na pole. Ila umejijibu. Umeuona mwisho wa waya. Kujua mwanzo wake ni kazi ya aina nyingine. Ile ya 2020, mabalozi wa Afrika pale Beijing waliandika barua ya pamoja kwa Waziri wa Mambo ya Nje Wang Yi. Barua ikaleta mazungumzo, na lugha ya maofisa wa Guangdong ikabadilika hadharani. Mtu aliyekuwa ndani ya ubalozi mmojawapo siku zile anaweza kukwambia barua ilipokelewaje na nani alijibu simu. Wewe huwezi, mimi siwezi.

Naona sasa mleta mada ataruka juu kwamba nimemkubali. Sijamkubali. Nasema kila mmoja ana kipande chake, na kipande cha ubalozi kinapewa bei kubwa kuliko thamani yake kwa sababu kimevaa suti.

#14 Mwana wa Kurasini (mleta mada)
@Kabwela Msomi nimeruka tayari 😄 Asante.

#15 BintiPemba
Kuna sababu nyingine hamjaigusa, nayo ni makabrasha. Wizara ya Mambo ya Nje ya China ilianza kufungua nyaraka zake za zamani kwa watafiti mwaka 2004. Watu wakafurika Beijing: Vita vya Korea, mkutano wa Bandung, mgogoro na Wasovieti, misaada kwa Afrika, hata mambo ya TAZARA yakaanza kuandikwa upya kwa ushahidi wa upande wao. Kufika 2013 sehemu kubwa ikafungwa tena. Nyaraka zilizokuwa zinasomwa jana, leo hazionekani kwenye orodha.

Sasa fikirieni. Msomi wa maktaba amenyang'anywa maktaba. Mahojiano nayo yamekuwa magumu, Mchina anayezungumza na mtafiti mgeni anajiweka hatarini. Kinachobaki ni magazeti, hotuba, na kumbukumbu za watu waliowahi kuwa pale. Hapo ndipo bei ya aliyekuwa ofisa wa ubalozi inapanda. Tuliosalia tumefungiwa mlango, kwa hiyo aliyeingia zamani anaonekana mjuzi hata kama hajawa mjuzi zaidi.

#16 Kabwela Msomi
@BintiPemba hapo umenena. Na ndiyo maana kazi ya kusoma majina imerudi. Enzi za Mao watu walikuwa wanahesabu nani katajwa wa kwanza kwenye Renmin Ribao, gazeti la chama, na nani kasimama wapi kwenye picha. Tukadhani imepitwa na wakati. Oktoba 2022, wajumbe saba walipotoka mbele ya waandishi, dunia nzima ilikuwa inaangalia mpangilio wa kutembea jukwaani: Xi, halafu Li Qiang, halafu Zhao Leji. Siku moja kabla, Hu Jintao, kiongozi aliyemtangulia Xi, alitolewa ukumbini mbele ya kamera, na hadi leo kila mmoja ana maelezo yake. Kitabu cha Brown cha 2014 juu ya wale saba wa kwanza, na kile cha Hu cha kabla yake, ni kazi ya aina hii: anachukua maisha ya mtu, alifanya kazi mkoa gani, chini ya nani, aliachia nini, na anajenga picha. Ni ufundi. Lakini ni ufundi unaofanyika ukiwa popote penye intaneti na Kichina kizuri.

#17 Mwana Kasapa
Bajameni, mimi niko Lubumbashi. Mumesahau Mbelgiji Pierre Ryckmans, ule anaandika kwa jina la Simon Leys. 1972 alikuwa mwambata wa utamaduni kwa ubalozi wa Ubelgiji pale Beijing, miezi sita hivi. Lakini mwaka mmoja mbele ya ile alikuwa amekwisha kuandika kitabu cha kusema Mapinduzi ya Utamaduni ni vita ya kugombania madaraka, wakati wasomi wengi wa Paris walikuwa wanamwimbia Mao. Alikaa Hong Kong, akasoma magazeti ya Kichina, akasikiliza wakimbizi. Ubalozi haukumfundisha kitu alichokuwa hajui. Ulimwonyesha tu kwa macho.

Na kisha akafundisha Australia, pale Canberra. Mwanafunzi wake mmoja? Kevin Rudd, ule alikuja kuwa waziri mkuu wa Australia.

#18 Intore wa Buja
@Mwana Kasapa na jina Ryckmans huku Burundi tunalijua kwa sababu nyingine. Mjomba wake au baba yake mdogo, mwenye jina hilo hilo Pierre Ryckmans, alitawala huku Urundi kwa niaba ya Ubelgiji baada ya Vita vya Kwanza, kisha akawa Gavana Mkuu wa Kongo, 1934 hadi 1946. Familia moja, mmoja anatawala Waafrika, mwingine anawatetea Wachina dhidi ya Mao. Wazee wangu wakimtaja yule gavana hawamtaji kwa wema hata kidogo, na kazi za barabara za lazima bado wanazisimulia.

#19 Kijana wa Buguruni
Uzi umetoka Beijing umefika Bujumbura kupitia Lubumbashi 😂 Mleta mada kamata usukani.

#20 Mwalimu wa Historia, Kampala
Usukani ubaki hapo hapo kidogo, maana kuna Wamarekani waliolipa bei. John Service, amezaliwa Chengdu kwa wazazi wamisionari, Kichina anakiongea kama mtoto wa pale. Julai 1944 alifika Yan'an, ngome ya Wakomunisti, na ujumbe wa Marekani, akazungumza na Mao na Zhou Enlai ana kwa ana, akaripoti Washington kwamba Wakomunisti wana nguvu na serikali ya Chiang Kai-shek imeoza. Alikuwa sahihi. 1951 akafukuzwa kazi kwenye ile homa ya kusaka Wakomunisti. Mahakama ya Juu ya Marekani ikamrudishia haki 1957, lakini kazi ya maana hakupewa tena. Akaishia Berkeley, kwenye kituo cha masomo ya China, akitunza maktaba yao.

Mwingine Edmund Clubb, konseli mkuu wa mwisho wa Marekani pale Beijing, alifunga ofisi 1950. Naye akasimamishwa kwa tuhuma, akasafishwa, akaondoka, akafundisha Columbia na kuandika historia ya China ya karne ya 20.

Kwa hiyo tuangalie pia upande huu: wengine hawakwenda chuo kikuu kwa kupenda. Serikali zao ziliwatema kwa sababu walisema kweli kuhusu China. Na Marekani ikaingia Vietnam bila watu wanaoijua Asia. Hili linaniuma kila ninapolifundisha.

#21 Ngalawa Mbili
Wa karibuni zaidi ni Michael Kovrig, Mkanada. Aliwahi kuwa ofisa wa ubalozi Beijing, akaenda kufanya uchambuzi kwenye shirika lisilo la serikali. Desemba 10, 2018 akakamatwa China, siku chache baada ya Kanada kumshika Meng Wanzhou wa Huawei pale Vancouver. Akaachiwa Septemba 24, 2021, siku ileile Meng alipoachiwa. Historia yake ya ubalozi haikumlinda. Huenda ndiyo iliyomfanya awe windo lenye thamani.

Ukishaona hilo, msomi mwenye historia kama yake akiandika kwa tahadhari, usiseme upesi kwamba amenunuliwa.

#22 Fuata Fedha
Tahadhari ipo, na fedha ipo. Jina Lau kwenye ile taasisi ya London ni la mfadhili kutoka Hong Kong. Mtandao wa utafiti wa Ulaya na China ambao Brown aliuongoza ulilipwa na Umoja wa Ulaya. Simshutumu mtu. Nasema tu kwamba masomo ya China, kuliko masomo mengine mengi, yanahitaji mtu anayejua kuongea na mfadhili, waziri na mwandishi wa habari siku moja. Vyuo vinamtafuta mtu huyo, na wizara ndizo zinazomfunda. Ukitaka kujua kwa nini maofisa wa ubalozi wanageuka wakurugenzi wa vituo vya China, angalia kazi ya mkurugenzi ni ipi. Ni ubalozi uleule, bila bendera.

Na huku kwetu tusijione tumepona. Taasisi ya Confucius ya Nairobi, ya kufundisha Kichina kwa msaada wa Beijing, ni ya 2005, ya kwanza Afrika. Ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni ya 2013. Nani anayelipa vitabu vya pale?

#23 Mzee wa Upanga
@Fuata Fedha hoja yako ina uzito. Ila kupokea fedha na kuandika unachoambiwa ni mambo mawili, na kuna waliopokea kidogo wakasema uongo mwingi.

#24 Asha wa Muscat
Habari zenu kutoka Oman. Swali la pili la mleta mada limeachwa, nami ndilo linalonigusa. Marehemu babu yangu alikuwa akituambia habari za Salim Ahmed Salim kila siku. Balozi wa Tanzania China mwaka 1969, akiwa kijana bado. Kisha Umoja wa Mataifa, na Oktoba 25, 1971 China ikarudishiwa kiti chake kwa kura 76 dhidi ya 35, waliojizuia 17, ukumbi ukalipuka kwa shangwe na Watanzania wakiwa mbele. Marekani haikusahau. 1981 alipogombea ukatibu mkuu, Marekani ikampinga kwa kura ya turufu, China nayo ikampinga Waldheim, katibu mkuu aliyekuwepo, raundi 16, mpaka akapita mtu wa tatu kutoka Peru.

Mtu aliyeyaona yote hayo kwa macho yake. Kwa nini hatuna kiti cha uprofesa, hata kimoja, cha watu wa kizazi kile waseme walichokiona Beijing? Chuo cha Diplomasia Kurasini kimepewa jina lake, vizuri sana. Lakini jina ukutani halifundishi darasa.

#25 Kitonga
@Asha wa Muscat nakujibu kwa maisha yangu. Nilipata ufadhili wa serikali ya China, nikasoma mahusiano ya kimataifa, Kichina nikakimudu mpaka kusoma hotuba za chama bila kamusi. Niliporudi nikapeleka maombi ofisi kadhaa za umma. Ofisi moja waliniambia wazi kwamba lugha ni sifa ya ziada tu, haina nafasi kwenye muundo wa utumishi. Leo ni mkalimani wa mkandarasi kwenye mradi wa barabara. Asubuhi natafsiri ugomvi wa posho kati ya msimamizi na vibarua, jioni natafsiri orodha ya vipuri. Wenzangu niliosoma nao, Wajerumani na Wakorea, sasa wana vyeo kwenye vituo vya utafiti.

Na maofisa wetu wa ubalozi? Anapelekwa Beijing miaka minne, akianza kuzoea anahamishiwa kwingine. Akistaafu anatafutwa na bodi za mashirika au jimbo la uchaguzi. Hakuna wa kumwambia njoo uandike.

#26 Njoro wa Eldoret
@Kitonga huku Kenya ni hivyo hivyo. SGR, ile reli mpya iliyojengwa na Wachina, imeanza kubeba abiria 2017, na waliokuwa wakifahamu lugha ya mikataba upande wetu walikuwa wa kuhesabu. Inauma.

#27 Mzee wa Upanga
@Kitonga kuhamishwa ni ugonjwa wa wizara zote duniani. Hata huyo Brown baada ya Beijing alipewa dawati la Indonesia, Ufilipino na Timor Mashariki. Mtu mwenye shahada ya uzamivu ya mambo ya China! Wizara hazipendi mtu abobee mahali pamoja, zinaogopa atawapenda wenyeji. Tofauti ni kwamba kwao kuna mlango wa chuo umeachwa wazi karibu na mlango wa wizara.

#28 Neema S.
Samahani kuingilia wakubwa. Niko mwaka wa tatu, nataka kubobea kwenye siasa za China. Nianze na kuomba kazi wizarani au shahada ya pili?

#29 Mama Wawili
@Neema S. lugha kwanza mdogo wangu. Fanya HSK, ule mtihani wa Kichina kwa wageni, mpaka ngazi ya tano angalau, na anza kusoma Renmin Ribao kila siku hata aya mbili, na uandike ulichoelewa. Ukipata nafasi ya kwenda China, omba mji usio Beijing wala Shanghai. Nenda Lanzhou, nenda Hohhot. Mengine yatakufuata.

#30 Mpemba wa Guangzhou
@Neema S. na ukipita Guangzhou utafute Waswahili, tutakutembeza.

#31 Kabwela Msomi
Kabla mleta mada hajatangaza ushindi, nimletee Stephen FitzGerald wa Australia. Huyu alikuwa ofisa wa mambo ya nje, 1966 akajiuzulu kwa sababu hakukubaliana na siasa ya serikali yake juu ya Vietnam. Akaenda kusoma, akachukua uzamivu kuhusu Wachina wa ng'ambo. 1971 akafuatana na Gough Whitlam kwenda Beijing, wakati Whitlam bado ni kiongozi wa upinzani. 1973 akarudi Beijing akiwa balozi wa kwanza wa Australia kwa Jamhuri ya Watu, mpaka 1976, kisha chuoni tena.

Hapo usomi ndio uliomfanya balozi. Serikali ilimchukua kwa sababu alikuwa amesoma nje ya serikali, akiwa huru kuikosoa. Kama hoja ya mleta mada ingekuwa kweli, yule angefaa zaidi kama angebaki wizarani wakati wa Vietnam akiandika aya ya tatu ya Mzee wa Upanga.

#32 Mwana wa Kurasini (mleta mada)
@Kabwela Msomi lakini alianzia wapi? Wizarani! Wizara ndiyo iliyomfundisha Kichina na kumpeleka Hong Kong. Na huyo Rudd wa Mwana Kasapa: Kichina Canberra, 1981 akaingia wizarani, akapelekwa Stockholm na Beijing, akawa waziri mkuu mara mbili, kisha akarudi darasani akachukua uzamivu Oxford 2022 kuhusu fikra za Xi Jinping, na 2023 akaanza kazi ya ubalozi Washington. Huwezi kuniambia yale mafaili ya Beijing hayakuingia kwenye tasnifu.

#33 Kabwela Msomi
Rudd amefanya tasnifu yake kwa kusoma hotuba na maandiko ya chama yaliyochapishwa, yale yale ambayo Neema anaambiwa aanze nayo hapo juu. Sasa niambie kipi kwenye tasnifu ile kimetoka kwenye faili la ubalozi la miaka ya 80.

#34 BintiPemba
@Kabwela Msomi kujua hotuba ipi ya kusoma, kati ya maelfu. Hiyo haimo kwenye hotuba.

#35 Kabwela Msomi
Mama Wawili anaijua, na hajawahi kufanya kazi ubalozini.

#36 Mama Wawili
Msinitumie kama silaha, mimi nimeshasema ni Hohhot 😄 Kesho nikitoka kazini nitaweka hapa jinsi hotuba ya mkutano mkuu wa chama inavyosomwa, sentensi kwa sentensi, ile ya 2017 na ya 2022 zikiwa kando kwa kando. Mzee wa Upanga uwepo, uniambie ungeitumaje nyumbani usiku ule.

#37 Mzee wa Upanga
Nitakuwepo. Anza na sehemu ya Taiwan.